Hemerokali za Lubumbashi: kwa nini mabua hubaki mafupi

Kibandiko kwenye mfuko kinasema sentimita 90. Mmea umeshika vizuri kwenye lupango, yaani kiwanja cha nyumbani, majani ni mabichi, ugonjwa hauonekani, lakini Oktoba ikifika unatoa bua la sentimita 40 na ua linafunguka katikati ya majani, wapita njia hata hawalioni. Wapanda maua wengi wa Lubumbashi wanaijua hali hii, hasa walionunua miche iliyopitia mpaka wa Kasumbalesa ikitoka Afrika Kusini. Shauri wanalopewa kwanza karibu kila mara ni moja: tia mbolea. Mara nyingi halisaidii, na mbolea ya kuku ikizidi, bua litaonekana fupi kuliko lilivyo.

Hemerokali, asili yake China, Korea na Japani, inafanana kwa macho na yungiyungi, ila wataalamu wa mimea leo wanaiweka katika ukoo mmoja na mshubiri. Kila ua lake huishi siku moja tu. Kinachoifanya ichanue kwa wiki kadhaa ni wingi wa matumba yanayofunguka kwa zamu kwenye bua moja. Majani yanatoka moja kwa moja kwenye kitako kilichozama kidogo udongoni, na chini ya kitako ipo mizizi minene inayoweka akiba ya maji na chakula. Shina la kudumu hakuna. Bua ni kiungo cha msimu: linachomoza, linarefuka, linabeba maua, linakauka. Urefu wake wote unapatikana ndani ya wiki chache, na lolote litakaloupata mmea katika wiki hizo litaandikwa kwenye bua hilo bila nafasi ya kurekebisha hadi msimu mwingine.

Kabla ya kuulaumu udongo, tuiangalie hiyo namba ya kwenye kibandiko. Tangu 1955 usajili wa aina za hemerokali kwa dunia nzima uko mikononi mwa chama kimoja cha Marekani, ambacho leo kinaitwa American Daylily Society. Anayesajili aina mpya ni mzalishaji mwenyewe, na urefu anaouandika ni ule alioupima katika bustani yake, kuanzia ardhini hadi kileleni mwa bua. Bustani hiyo huenda iko Florida, huenda iko Ohio. Mmea umekaa hapo miaka kadhaa, unanyweshwa, unalishwa, na mwenyewe anataka upendeze. Hakuna anayezunguka dunia kuupima tena. Kwa hiyo sentimita 90 ni habari ya kweli kuhusu mahali fulani; kwetu ni makadirio.

Tena aina zenyewe zimetofautiana mno. 'Stella de Oro', iliyosajiliwa 1975 na kuenea pengine kuliko zote, ina urefu wa sentimita 28 hivi hata ikitunzwa vizuri kabisa. 'Hyperion' ya 1924 inakaribia mita moja. 'Autumn Minaret', kazi ya A. B. Stout wa bustani ya mimea ya New York, inapita sentimita 160. Mche ukishahama mikono mitatu, kibandiko nacho huhama, na anayedai bua la mita kutoka kwa 'Stella de Oro' asiyeijua jina anaidai mbuzi maziwa ya ng'ombe. Aliyeotesha kwa mbegu ndiye asitegemee kibandiko hata kidogo, kwa sababu mbegu za hemerokali za kuchanganywa hazirudii sura ya mama: ndugu wa tunda moja wanaweza kupishana kwa nusu mita.

Kuna pia jambo la mchana. New York mwezi Juni ina mwanga wa saa 15. Lubumbashi, iliyo karibu nyuzi 12 kusini ya ikweta, hata Desemba haifikishi saa 13. Saa mbili zaidi za jua kila siku ni sukari nyingi zaidi ndani ya majani, na mmea unaojenga bua kwa wiki kadhaa hauwezi kukosa kuisikia tofauti hiyo. Hilo hatuwezi kulibadilisha. Yafuatayo tunaweza.

Bua linajengwa kwa hatua mbili zisizo sawa. Kwanza, ndani ya kitako, mmea unaandaa ncha ya bua pamoja na mwanzo wa matumba. Kazi hiyo inafanyika kimyakimya, huioni, na inategemea akiba iliyopo kwenye mizizi na majani. Hatua ya pili ni kurefuka. Hapa seli zinatanuka zaidi kuliko kuongezeka idadi, na zinatanuka kwa msukumo wa maji yaliyomo ndani yake. Homoni iitwayo jiberelini inalegeza kuta za seli, maji yanasukuma. Homoni hii ilianza kufuatiliwa Japani, pale Eiichi Kurosawa alipoonyesha mwaka 1926 kwamba kimiminika cha kuvu fulani kinaufanya mpunga urefuke kupita kiasi mpaka uanguke. Katika hemerokali mambo ni yaleyale kwa kiasi cha kawaida: jiberelini ikiwepo na maji yasiwepo, ukuta umelegea lakini hakuna cha kuusukuma. Seli inakomaa ikiwa fupi, ukuta unakakamaa, na mvua ya wiki inayofuata imechelewa.

Sasa weka hatua hiyo juu ya kalenda ya Lubumbashi. Mji unapata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Machi. Juni, Julai na Agosti ni ukame mtupu, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Septemba baridi inaondoka, Oktoba joto la mchana linapita nyuzi 30, na huku mijakaranda ya barabarani imejaa zambarau kana kwamba mvua imeshanyesha. Hemerokali nyingi husikia joto hilo na kuanza kusukuma mabua. Yaani mmea unaanza kazi yake inayodai maji kuliko zote mwishoni mwa miezi mitano ya ukavu, hewa ikiwa kavu, udongo ukiwa umepasuka, na jua likielekea utosini: karibu na tarehe 24 Oktoba jua hupita wima kabisa juu ya mji. Mvua za kwanza za Oktoba zinalowesha vumbi, hazifiki kwenye mizizi. Zile zenye nguvu zinakuja Novemba, na kufikia hapo mabua ya kwanza yameshamaliza kurefuka.

Ndiyo maana kwa Lubumbashi mshukiwa wangu wa kwanza ni maji ya Septemba na Oktoba, na anabaki wa kwanza mpaka ushahidi umtoe. Hata mabua yenyewe yanatoa ushahidi: mmea uleule ukitoa bua jingine Desemba, mvua ikiwa imekolea, mara nyingi linalipita lile la Oktoba. Hapo inabidi kuwa mwangalifu kidogo, maana kwa kawaida ya hemerokali zinazochanua mara mbili kwa msimu, bua la pili ndilo huwa fupi. Ukiona kinyume chake, la kwanza lilinyimwa kitu.

Ushahidi mwingine uko kwenye matumba. Yahesabu. Matumba yaliandaliwa kabla ya kurefuka, kwa hiyo bua fupi lenye matumba mengi linaeleza kwamba mmea ulikuwa na akiba ya kutosha, ulipanga vizuri, kisha ukakwama njiani: maji, joto kali, wakati mwingine baridi iliyorudi ghafla. Bua fupi lenye matumba matatu au manne tu linasimulia habari ya zamani zaidi. Mmea uliingia msimu ukiwa dhaifu, kwa njaa, kwa kivuli, kwa kubanana au kwa sababu ulikatwa mizizi karibuni. Kanuni hii haishiki kila mara, maana kiu kikali hudondosha matumba pia, lakini inakuokoa na kumwaga maji kwenye tatizo la mizizi, au mbolea kwenye tatizo la maji. Na bua lililopinda, lenye makovu ya rangi ya kahawia yaliyokauka, libebe hadi mwangani ulikague: wadudu wadogo wembamba wanaokwangua tishu changa, vithiripi, hujificha kati ya majani na kulijeruhi bua likiwa bado laini.

Kunywesha kwenyewe kunafanywa vibaya na watu wengi wenye bidii. Kikombe cha maji kila jioni kinalowesha sentimita mbili za juu, jua la asubuhi linazichukua, na mizizi inajifunza kukaa juu juu palipo na joto. Kipimo kinachotumiwa na wakulima wa maua ni milimita 25 kwa wiki, ambazo kwa mita mraba moja ni lita 25, yaani bidoni moja ya lita 20 na robo ya nyingine. Mwaga zote kwa mara moja au mbili, polepole, zishuke hadi kina cha kiganja na zaidi. Anza mwishoni mwa Agosti, kabla hujaliona bua. Maji ya bomba yakiwa ya shida, maji yaliyoosha mboga yanafaa kabisa. Ya sabuni kali yaache. Kisha funika udongo kwa majani makavu au nyasi unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka kitako kisioze. Kama una maji ya mimea mitatu tu, nywesha mitatu vizuri na uiache mingine isubiri mvua. Najua ni uamuzi mgumu kwa mtu anayeipenda yote, ila kuigawia yote kidogo kidogo ni kupata mabua mafupi kumi.

Baridi ndiyo sehemu yenye utata zaidi. Kuna mimea ya bustani ambayo bua lake halirefuki bila kupitia baridi ndefu. Tulipu ndiyo mfano unaojulikana: kitunguu chake kisipopata wiki nyingi za baridi, ua linafunguka karibu na ardhi. Hemerokali si kali hivyo, na nyingi zinachanua mahali pasipojua baridi kabisa. Lakini wazalishaji wanazigawa katika makundi: zinazolala, ambazo majani yake hufa kabisa majira ya baridi, za kijani mwaka mzima, na zilizo katikati. Zile za kulala kwa kawaida hufaa zaidi nchi zenye barafu, na katika sehemu zenye joto nyingine hudhoofika mwaka hadi mwaka, machipukizi yakipungua na mabua yakiwa mafupi. Lubumbashi ina bahati zaidi kidogo kuliko Kinshasa, kwa sababu iko mita 1,200 hivi juu ya bahari na Juni yake inauma kweli. Hata hivyo nyuzi 8 za usiku zinazofuatwa na nyuzi 25 za mchana si usingizi wa barafu. Mmea ukiwa wa kundi hilo na umepungua miaka mitatu mfululizo ingawa umeunywesha vizuri, usiendelee kujilaumu. Badilisha aina.

Kupandikiza nako kunafupisha. Kila unapogawa kichaka kikubwa cha hemerokali unakata sehemu ya ile mizizi minene, ambayo ndiyo ghala, na msimu wa kwanza mmea unajenga ghala upya kabla ya kujenga bua. Mwaka wa kwanza haufai kuhukumu. Wa pili unaanza kuonyesha, na wa tatu ndio sura halisi. Upande wa pili, kichaka kilichoachwa miaka mingi bila kugawanywa kinajaa machipukizi yanayogombania maji yaleyale, na la katikati ndilo linaloumia kwanza. Kina pia: kitako kikae sentimita 2 hadi 3 chini ya udongo. Mvua zetu zinabeba udongo kutoka juu ya kiwanja na kuurundika kwenye tuta la chini, kwa hiyo mmea uliopandwa sawasawa unaweza kuzama wenyewe baada ya misimu miwili. Chokonoa kwa kidole uone.

Mbolea sasa. Nitrojeni nyingi, na mbolea mbichi ya kuku imejaa hiyo, inayapeleka majani juu. Bua linabaki na urefu wake uleule lakini majani yamelizidi, na jicho linasema bua ni fupi. Ukipima kwa rula unakuta limetimiza sentimita zake. Wanaolalamika wapime kwanza, kwa sababu si kila bua linaloonekana fupi ni fupi.

Kivuli kinadanganya kwa namna nyingine. Mmea ulio chini ya mwembe au mparachichi hautoi bua fupi kwa sababu ya kivuli chenyewe. Mwanga hafifu kwa kawaida unarefusha na kupindisha bua likiutafuta upande wenye jua. Kinachofupisha pale ni mizizi ya mti, inayokunywa maji kabla hemerokali haijaonja, na njaa ya sukari inayopunguza idadi ya mabua na matumba. Saa sita za jua kwa siku zinatosha. Kwa Lubumbashi ningetafuta jua la asubuhi na kivuli cha baada ya saa nane, hasa Oktoba, na ningekwepa ukuta wa matofali unaoelekea magharibi, kwa kuwa unakusanya joto mchana na kulirudisha jioni wakati mmea ulipaswa kupumzika.

Udongo mwekundu wa Katanga, eneo la Lubumbashi, unastahili kesi yake peke yake. Wekundu wake ni oksidi za chuma, zikifuatana na za alumini, na udongo wenyewe una tindikali. Oksidi hizo zinaikamata fosforasi na kuishikilia mizizi isiifikie, kwa hiyo unaweza kumwaga fosfati mwaka mzima na mmea ukaendelea kuikosa. Chokaa kidogo inapunguza tindikali, mboji inalegeza ule ushikaji, na zote mbili zinafanya kazi polepole kwa misimu. Wazee wa hapa wana njia nyingine: udongo wa kichuguu. Vichuguu vikubwa vinavyozunguka mji, vingine vya mita tano na zaidi, vina mfinyanzi mwingi, kalisi nyingi na tindikali ndogo kuliko udongo wa pembeni. Vingi vimeshaliwa na mafundi wa matofali, lakini penye mabaki, karai moja ukiichanganya na mboji na udongo wako inabadilisha kitanda cha maua. Peke yake usiuweke. Ukilowa unashikamana, na mizizi minene ya hemerokali ikikaa majini inaoza.

Halafu kuna shaba, ambayo vitabu vya maua vilivyoandikwa Ulaya havina sababu ya kuitaja. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kufanya kazi mjini mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wake uliangusha chembe za shaba, zinki, risasi na kadimiamu kwenye ardhi iliyo upande ambako upepo ulikuwa ukiupeleka. Mitaa fulani bado inazo kwenye sentimita za juu za udongo. Shaba iliyozidi inaanza kwa kuchoma ncha za mizizi: inakuwa mifupi, minene, ya kahawia, haina vijimizizi. Mmea wenye mizizi kama hiyo una kiu hata ukiwa umeloweshwa, na bua lake linakuwa fupi mwaka hadi mwaka, mvua iwepo isiwepo. Majani machanga yanaweza kuwa ya manjano kwa sababu shaba inaingilia uchukuaji wa chuma. Mwituni ishara ni wazi zaidi, kwani kwenye vilima vya shaba miti ya miombo hupotea na mahali pake huota mimea iliyozoea, likiwemo ua la shaba maarufu la Katanga, Haumaniastrum katangense. Bustanini huna ishara hiyo, lakini una jembe. Ng'oa chipukizi moja na uitazame mizizi yake. Mizizi ikiwa mirefu, myeupe hadi ya manjano, yenye vinundu vilivyojaa, ondoa shaba kwenye orodha.

Ikiwa ni shaba kweli, usihangaike kuusafisha udongo. Inua kitanda kwa matofali, sentimita 30 au 40, ukijaze udongo ulioletwa kutoka mahali salama ukiwa na mboji nyingi. Mboji inaishika shaba, na chokaa inapunguza uwezo wake wa kuyeyuka. Na palipothibitika kuwa na shaba ya namna hiyo, lengalenga na matembele yasipandwe kwenye ardhi ileile ya chini, kwa sababu bua fupi ni hasara ya macho tu, ila mboga inaingia sufuriani.

Mche ulionunuliwa ukiwa kwenye chungu, mfupi, mnene, umejaa maua, una maelezo mengine yanayowezekana. Wazalishaji wa maua ya chungu huwa wanatumia dawa za kuzuia jiberelini, paclobutrazol ikiwa mojawapo, ili mimea isirefuke na ipangike vizuri kwenye lori. Dawa hiyo inaweza kubaki kwenye udongo wa chungu kwa muda. Osha mizizi, tupa udongo uliokuja nao, panda, subiri msimu mwingine.

Kwa anayetaka bua refu la uhakika bila hesabu zote hizi, ningemshauri asinunue kwa kibandiko kabisa. Atembee mtaani Novemba, aangalie hemerokali zilizo nje ya nyumba za watu, hasa zile za rangi ya chungwa za zamani ambazo hakuna anayekumbuka zililetwa na nani na ambazo mara nyingi hufika kifuani mwa mtoto. Akiona bua linalomridhisha, abishe hodi na kuomba machipukizi mawili ya Januari au Februari, mvua zikiwa bado zina miezi ya kunyesha, ili mizizi ishike kabla kiangazi hakijaingia. Mmea huo umeshapita Oktoba nyingi za Lubumbashi, na urefu wake amejipimia mwenyewe kwa macho.